Vumbi la Chumba Safi

Nilifika kwenye maabara ya pamoja mjini Kisii dakika arobaini kabla ya zamu yangu. Mkononi nilikuwa na mfuko, ndani ya mfuko kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mikebe sita midogo ya plastiki, ile iliyokuwa ikihifadhi filamu za kamera zamani. Kila mkebe ulikuwa na namba. Katika daftari nilikuwa nimeandika kila namba imetoka wapi, siku gani, saa ngapi, na kama upepo ulikuwa unavuma. Wakati wa kuandika sikuogopa. Hofu ilinijia nilipokaa kwenye benchi la ukumbini na kukosa cha kuandika.

Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja: kama vumbi ambalo mke wangu amelivuta kwa miaka ishirini na miwili ni la aina inayotoka kifuani au la aina isiyotoka.

Mke wangu husugua mawe. Vinyago vya jiwe la sabuni huletwa kutoka Tabaka vikiwa vimechongwa tu, viboko, ndovu, mabakuli, na wanawake wa upande wetu wa Suneka huvisugua kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka viteleze. Kazi ya maji haina vumbi. Lakini tako la kila kinyago husuguliwa kikavu ili kisimame sawa mezani, na agizo likiwa la haraka karibu kila kitu husuguliwa kikavu. Jioni hurudi ndani akiwa na kope nyeupe. Miaka ya kwanza tulicheka. Nilimwambia amezeeka kabla yangu, naye akaniambia angalau yeye akinawa anarudi kuwa msichana.

Kikohozi kilianza na mvua za masika za mwaka uliopita. Walimpima kifua kikuu, hakikuwapo. Alikunywa dawa ya maji chupa tatu. Kikatulia, kikarudi. Mwaka huohuo jirani yetu mmoja, aliyesugua mawe naye kwa muda mrefu, alizikwa, na ingawa mazishini hakuna aliyetaja ugonjwa, waombolezaji walipokuwa wakirudi makwao walisema neno moja tu: kifua.

Mimi ni fundi wa hadubini. Sikusomea kazi hii. Nilianza kwa kufungua hadubini moja iliyotupwa na shule, nikaifunga, nikaifungua tena. Sasa shule za Kisii na Nyamira huniletea zao, na nikimaliza kusafisha lenzi hubaki na kifaa mikononi na hamu ya kutazama kitu. Vitabu nilivisoma vivyo hivyo, kimoja kikinipeleka kwa kingine. Katika kimojawapo nilisoma kwamba jiwe lenye talki, yale madini laini ya poda, kama letu, mahali pengine duniani hulala ubavuni mwa jiwe jingine ambalo vumbi lake ni nyuzi za asbestosi. Nyuzi hizo ni nyembamba kiasi kwamba hupita puani na kooni, zikafika mwisho wa pafu na kukwama humo. Mtu haugui mwaka ule. Huugua baada ya miaka ishirini, thelathini, arobaini. Nilifunga kitabu, nikajaribu kufikiria jambo jingine, sikuweza.

Kwa miezi miwili nilitazama vumbi lake kwa hadubini za shule. Mwanga wa kawaida haufiki kwenye wembamba wa namna ile; nilichokiona kilikuwa makombo yanayometameta, na kati ya makombo kila siku niliona sindano. Kisha nikajaribu unga wa ngano, nikaona sindano humo pia. Nikajaribu majivu. Sindano. Ndipo nilipoelewa kwamba sitazami tena vumbi bali natazama hofu yangu, na kwamba ninahitaji jicho lisiloogopa.

Mwalimu mmoja wa kemia ndiye aliyeniambia kuhusu maabara ya pamoja. Ina hadubini ya elektroni, akasema, si kubwa kama za Nairobi lakini inatosha, na haimilikiwi na idara moja; mtu yeyote mwenye swali la maana na barua ya mtu anayemjua anaweza kupewa muda wa saa mbili. Barua aliniandikia yeye.

Kabla ya kwenda nilikusanya sampuli. Moja hadi tano zilitoka kwa mawe ya mke wangu: jiwe jeupe, jiwe la waridi, jiwe la kijivu, vumbi la kwenye leso yake, na vumbi la sakafuni anapokaa. Ya sita ilikuwa ya kulinganishia. Nilikuwa nimesoma kwamba asiyejua usafi unafananaje hawezi kusema lolote juu ya uchafu, na jambo hilo nililizingatia sana. Sampuli ya sita niliitoa mahali pasafi kuliko pote katika boma letu, juu ya rafu ya chumba changu cha kazi.

Chumba hicho nilikijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa ajili ya lenzi. Kuta ni mbao zilizopigwa vanishi. Mlango una mpira pembeni. Jiwe halikuruhusiwa kuingia humo, wala nguo iliyogusa jiwe. Kikohozi kilipozidi, nilisogeza meza yangu ukutani, nikaingiza kitanda, nikamhamishia humo mke wangu ili angalau anapolala avute hewa isiyo na vumbi. Alikuwa amelala humo miezi minne.

Ukumbini walikuwa wamekaa wanafunzi wawili wenye zamu baada yangu. Mmoja alikuwa na kipande cha mzizi wa mgomba ulioliwa na wadudu ndani ya chupa. Aliitazama mikebe yangu nilipofungua kopo kuihesabu kwa mara ya tatu.

"Buda, hiyo ni nini? Ugoro?" akauliza, kwa lile neno la vijana la kumwita mzee.

"Ni mawe," nikasema.

"Mawe! Sisi tunaleta wadudu, buda ameleta shamba lenyewe."

Mwenzake alicheka. Nami nilitaka kucheka, mdomo ukakataa.

Msimamizi wa mashine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa pwani, mwenye Kiswahili laini kilichonifanya nichague maneno yangu kabla ya kuyatoa. Alinipa fomu. Swali la nne liliuliza kama sampuli ni hatari kwa afya au kwa mashine. Nililitazama muda mrefu. Nikiandika ndiyo, huenda angenirudisha. Nikiandika hapana, ningekuwa nimesema jambo ambalo ndilo nililokuja kuuliza. Nikaandika: Sijui.

"Mzee wangu," akasema, "sijui ni jibu gani?"

"Ndilo nililo nalo."

"Wote huniandikia hapana. Hata aliyeniletea betri iliyopasuka aliandika hapana." Aliiweka fomu mezani. "Haya, niambie unachokihofia."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio: kazi ya mke wangu, miaka, kikohozi, kitabu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifungua droo, akanipa barakoa nzito, akavaa yake, akaweka mikebe yangu ndani ya kabati la kioo lenye feni inayovuta hewa kwenda nje kupitia kichujio.

"Humu ndani ndimo tutakamoifungua," akasema. "Na usikasirike nikiwa mkali. Mashine hii ni ya watu wote. Unga wako ukipeperuka mle, kila atakayekuja baada yako ataliona jiwe lako juu ya mdudu wake."

Aliniruhusu kuandaa sampuli ya kwanza mwenyewe. Kuna kisahani cha alumini, kipana kama kifuniko cha soda, na juu yake hubandikwa utepe mweusi wa kaboni wenye gundi pande zote mbili. Unagusa unga kwa ncha ya kijiti, unaudondosha juu ya utepe, unageuza kisahani chini juu na kupuliza kwa kipira cha mkononi mpaka punje zisizoshika zianguke. Kazi hiyo ni nyepesi kuliko kusafisha lenzi. Mikono yangu ilimwaga punje kando ya kisahani mara mbili. Mara ya tatu msimamizi alinichukulia kijiti, akafanya zote sita, nami nikabaki kutaja namba na yeye kuzichora chini ya visahani.

Kisha visahani viliingia kwenye chupa kubwa ya kioo ambamo hupakwa dhahabu, ukoko mwembamba usioonekana kwa jicho. Ndani ya chupa kulitokea mwanga wa zambarau. Baada ya hapo viliingizwa kwenye mashine yenyewe, mlango ukafungwa, na pampu ikaanza kunyonya hewa.

"Dakika nne," akasema.

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chenye magurudumu na niliogopa hata kukisogeza. Pampu ilivuma kwa sauti moja. Niliwaza kwamba jibu tayari limo ndani ya lile sanduku, limekuwamo katika jiwe kabla sijazaliwa, na kwamba dakika nne hizi ndizo za mwisho ambazo bado nina haki ya kutojua. Nilitamani pampu iharibike. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: mimi ambaye nimetengeneza vifaa maisha yangu yote, niliketi pale nikiombea kifaa kiharibike.

Haikuharibika. Skrini ikawa ya kijivu, kisha ikatulia.

Sampuli ya kwanza ilikuwa vipande bapa, juu ya vingine, kama kurasa za kitabu kilicholowa na kukauka. "Talki," akasema. "Nzuri sana. Unaona zinavyolala?" Ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Alisogeza picha kutoka pembe hadi pembe, mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia, na mimi niliandika kila tulichopita.

Katika ya tatu alisimama. Katikati ya skrini ilikuwepo sindano. Ilikuwa ndefu, nyembamba, imenyooka, iking'aa kuliko vyote vilivyoizunguka.

Niliiona leso ya mke wangu imeanikwa kwenye kamba, nikaona kope zake. Nilisikia sauti yangu ikiuliza, kwa Ekegusii, kitu ambacho msimamizi hakukielewa.

"Ngoja, mzee. Usiizike kabla haijafa."

Alishika kitufe kimoja na kuanza kukiinamisha kisahani ndani ya mashine. Kwenye skrini mlima wote wa punje ulilala upande, taratibu, na ile sindano ikaanza kunenepa. Ikawa kama fimbo, ikawa kama rula, mwisho ikafunguka kabisa ikawa ukurasa kama kurasa nyingine. Ilikuwa imesimama kwa ukingo tu, tukawa tunaitazama ubavuni.

"Uzi haufanyi hivyo," akasema. "Uzi uugeuze utakavyo, ni uzi."

Nililiandika hilo katika daftari na mwandiko wake hausomeki hadi leo.

Ya nne, ya tano: kurasa, makombo, uzi mmoja wa pamba kutoka kwenye leso, mnene kama gogo. Msimamizi alivuta barakoa na kuinyoosha. "Sikwambii hakuna," akasema. "Mtu mkweli hawezi kukwambia hakuna. Nakwambia, kila tulipotazama, hatujaona. Vumbi hili linaweza kumkohoza mtu, jiwe ni jiwe, avae kitambaa na atumie maji. Lakini si lile uliloliogopa."

Niliinamisha kichwa nikajifanya nahesabu mistari.

"Zimebaki dakika ishirini," akaendelea. "Hii ya sita umesema ni ya chumba safi. Tuiache? Huyu kijana wa mgomba mzizi wake unaoza pale nje."

Nilitaka kusema tuiache. Nilikuwa tayari na furaha na nilitaka kuondoka nayo kabla mtu hajaigusa. Lakini daftari lilikuwa na mistari sita na mitano ndiyo iliyokuwa imejazwa, na mimi siwezi kuondoka na ukurasa wa namna hiyo.

"Tuitazame kidogo tu," nikasema. "Nijue usafi unafananaje."

Mwanzoni kulikuwa na takataka za kawaida za nyumba, magamba ya ngozi, chavua moja yenye miiba, nzuri kama ua. Kisha akasogeza picha upande wa kushoto na hapo palikuwa na fungu la kitu mfano wa kamba ya katani iliyokatika. Lilikuwa limepinda kidogo. Upande mmoja lilikuwa limeshikana, upande mwingine lilikuwa limefumuka nyuzi nyembamba, na kila uzi mwishoni ulikuwa umefumuka nyingine nyembamba zaidi.

Aliinamisha kisahani. Mlima ukalala upande. Fungu halikunenepa. Aliinamisha upande wa pili. Nyuzi zilibaki nyuzi.

"Huenda ni karatasi," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma. Akaelekeza mwale kwenye fungu lile na kufungua grafu inayoonyesha elementi zilizomo. Vilele vilianza kuota kimoja kimoja kwenye skrini. Magnesiamu. Silikoni. Nilijua kwamba talki nayo ina hizo mbili, nikamwambia haraka kwamba talki nayo ina hizo mbili.

"Katika talki silikoni ndiyo ndefu," akasema. "Tumeiona mara tano. Hapa magnesiamu imeipita." Aliweka kidole kwenye kilele cha tatu, kilichokuwa kimeota kando. "Na hii ni kalisiamu, kama ya simiti. Tazama, punje zake zimeshikamana na nyuzi. Chumba kimepigwa plasta?"

"Hapana. Ni mbao."

"Sakafu?"

"Mbao."

"Dari?"

"Hakina dari."

"Basi juu kuna nini, mzee?"

"Kuna paa," nikasema.

Akangoja. Nami nikangoja pia, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia jibu na sikutaka kulitoa mdomoni.

Paa la chumba changu ni shiti za kijivu zenye mawimbi. Nilizipata Nyamira, kwa mtu aliyekuwa akibomoa nyumba ya zamani katikati ya mashamba ya chai. Alifurahi kumpata wa kuzibeba. Kwetu huziita mabati ya simiti. Nilizipenda kwa sababu mvua haipigi kelele juu yake na jua halipenyi, na lenzi hazipendi joto. Nilizikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma ndani ya chumba kile, mlango ukiwa umefungwa ili watoto wasiingie kwenye vumbi. Nilizitoboa kwa ajili ya misumari. Ni za zamani, huota ukoga wa kijani, na kila mwaka kabla ya mvua za Machi nilipanda juu na brashi ya waya kuusugua mpaka kijivu kirudi. Neno asbestosi nilikuwa nimelisoma mara nyingi. Paa nilikuwa nikiliona kila siku. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja mbele ya macho yangu, na mwaka mzima huu nilikuwa namfuata mke wangu na mikebe.

Nilimwambia msimamizi. Nadhani nilimwambia kwa mpangilio, kama mwanzo.

Aliondoa mkono kwenye kipanya. "Nani analala humo?"

"Yeye."

Akasema mashine hii haiwezi kuapa kwamba ni asbestosi. Kuna kubwa zaidi Nairobi inayoweza, na angenisaidia kuandika barua. "Lakini ningekuwa wewe, leo hamlali mtu humo." Alihifadhi picha, akafuta jina la sampuli yangu lililosema "safi", akaandika namba tu. Akatoka akamwambia kijana wa mgomba kwamba zamu yake inachelewa nusu saa kwa sababu ya kusafisha. Nilimsikia kijana akilalamika, na nikamsikia msimamizi akimjibu, "Utangoja, mwanangu. Kuna mtu hapa ana shida ya kweli."

Nilimpigia mke wangu nikiwa bado nimevaa vifuniko vya plastiki viatuni. Sisi huongea Ekegusii. Hapa nayaandika kwa Kiswahili, isipokuwa Mong'ina, mama mtu mzima, jina ninalomwitia.

"Mong'ina, uko wapi?"

"Nimejinyoosha kidogo chumbani kwako. Mgongo."

"Toka."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Toka tu. Usikung'ute blanketi. Usikunje shuka. Toka polepole, ufunge mlango, unawe nywele."

Alicheka mpaka akakohoa. "Umekwenda mjini kupima mawe, sasa unanifukuza kitandani kwa simu? Nitoke hata bila leso, majirani waseme nini?"

"Toka," nikasema, na nadhani sauti yangu ndiyo aliyoiamini kabla ya maneno, kwa sababu nilimsikia akisimama, nikasikia mlango, nikasikia kuku.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda chini ya migomba, nywele zimelowa, karai la maji mbele yake na kiboko wa jiwe la waridi mkononi. Hakuacha kusugua.

"Haya. Jiwe limesema nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu mjini na yote yalipotea. "Jiwe halina," nikasema. "Ni paa. Ni paa langu."

Nilimweleza. Nilichora nyuzi katika daftari, nikamwonyesha. Alitazama mchoro, akatazama chumba, kisha akamtumbukiza kiboko ndani ya maji na kumtoa.

"Kwa hiyo si jiwe langu."

"Si jiwe lako."

"Mwaka mzima unanitazama nikifanya kazi kama unatazama mtu anakunywa sumu. Umeniambia niache. Wanawake wa kanisa wameniambia niache. Kumbe wewe ndiye ulinilaza ndani ya sumu ukanifunika blanketi."

Alisema bila kupandisha sauti. Nilisema nilitaka apumzike. Nilisema sikujua.

"Najua hukujua. Ungejua ungeandika." Alinyoosha mkono akachukua daftari langu kwa vidole vyenye maji. "Hebu niambie. Kila mwaka ukipanda kule juu na brashi yako, ngazi alishika nani?"

"Wewe."

"Na lile vumbi liliangukia nani?"

"Wewe."

"Na juu alikuwa nani?"

Sikuelewa swali.

"Baba watoto, nakuuliza. Chini nilikuwa mimi. Juu, pua yake kwenye hiyo brashi, alikuwa nani? Ule msumeno, ndani, mlango umefungwa, alikuwa nani?" Alifungua daftari kwenye ukurasa wa sampuli. "Umeandika jiwe jeupe, jiwe la waridi, leso, sakafu. Umeandika mpaka upepo. Wewe uko wapi hapa?"

Sikuwepo. Nilipekua mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza risiti. Mwaka mzima niliogopa kwa niaba ya kifua kimoja, na wakati wote nilikuwa nimesimama karibu zaidi na brashi. Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba. Sasa ndipo nilipoogopa mara mbili, na hofu ya pili, ile ya kwangu, ilinitia aibu. Alinisogezea kigoda chake yeye akabaki amechutama. Tukakaa hivyo mpaka maji ya karai yakatulia na unga wa jiwe ukazama chini, mweupe, sawasawa.

Juma lililofuata tulikwenda hospitali wote wawili, na picha kutoka maabara ndani ya bahasha ili daktari asilazimike kuniamini kwa maneno. Muuguzi alituita pamoja: "Huyu mzee na huyu mama, mnataka picha ya kifua ya nani?"

"Yake," tukasema wote, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

Daktari alizitazama filamu mbili ubaoni, moja kando ya nyingine, kwa muda uliokuwa mrefu kuliko zile dakika nne za pampu. Akasema hazionyeshi alama anayoitafuta. Kikohozi cha mke wangu alikiita mrija wa hewa uliochubuliwa na vumbi la kawaida, akampa dawa ya kuvuta na amri ya kutosugua kikavu. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nimelisoma na sikutaka kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine: filamu safi leo haiahidi kitu juu ya mwaka wa ishirini. Turudi kila mwaka. Tulipotoka mke wangu aliniuliza kama nimeandika tarehe ya kurudi. Nilikuwa nimeandika mbili, yake na yangu, kila moja na mstari wake.

Paa bado liko juu. Nimeandika kwa ofisi inayohusika na nimeambiwa kwamba shiti za namna ile haziondolewi na mtu na ngazi yake. Huja watu wenye mavazi yao, huzilowesha, huzitoa nzima na kuzifunga kwa nailoni. Zamu yetu haijafika. Mlango nimeufunga, nimeziba chini kwa utepe, na kitanda, blanketi na meza yangu vimebaki humo na lenzi tatu nzuri ambazo sitazichukua. Nafanya kazi barazani, na mke wangu anasugua mawe yake kwa maji hatua chache kutoka kwangu.

Mvua za Machi zimeshapita. Sikupanda. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, naenda nyuma ya nyumba kulitazama paa nikiwa mbali. Ukoga umerudi pande zote, umeanza kufunika hata mabonde ya mawimbi, na pale nilipokuwa nikisugua zaidi ndipo unapochelewa kuota. Najua kwamba unaposhika vizuri hushikilia nyuzi zisipeperuke. Nauombea uote haraka. Mke wangu huniuliza kutoka jikoni, "Ukoga umefika wapi?" nami humpimia kwa vidole, kisha naingia kuandika.